Huko Chini Hakuna Kiingereza: Hoja ya Kufundisha Biti kwa Kiswahili

Ipo kauli iliyokaririwa mno katika kumbi zetu za mihadhara hata ikakaribia kupata hadhi ya methali. Kauli yenyewe hudai kwamba tarakilishi huzungumza Kiingereza, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayejitosa katika taaluma hiyo hana budi kuiacha lugha yake mlangoni kama aachavyo viatu. Wanaoisema si maadui wa Kiswahili. Wengi wao ni walimu wake, wapenzi wake na hata waandishi wake, nao huisema kwa masikitiko. Hata hivyo, masikitiko hayawezi kuigeuza kauli potofu ikawa kweli.

Katika makala haya ninakusudia kuipinga kauli hiyo kutoka upande usiozoeleka. Tumezoea kuianza safari ya Kiswahili na tarakilishi kutoka juu, kwenye skrini, tukitafuta majina ya vitu tunavyoviona: kipanya, faili, menyu, kiungo. Mimi napendekeza tuanze chini kabisa, mahali ambapo programu huigusa mashine yenyewe na kuzishughulikia biti mojamoja. Hoja yangu ni kwamba kadiri mtu anavyoteremka ndani ya tarakilishi, ndivyo Kiingereza kinavyopungua, hadi afike mahali ambapo hamna Kiingereza wala lugha nyingine yoyote ya binadamu. Mahali hapo ni pa yeyote awezaye kupaeleza vyema, na Kiswahili kina zana za kupaeleza ambazo tumezikalia pasi na kujua.

Tokeni na nafasi zilizojaa

Nisije nikadhaniwa kuzungumzia mambo ya mbinguni, naanza na kitu anachokijua kila mpangaji wa Makongeni kule Thika na wa Kimbo kule Ruiru. Umeme ukiisha, mtu hununua tokeni kwa simu, akaletewa tarakimu 20, akazibonyeza kwenye mita na taa zikawaka. Tarakimu hizo ni kifurushi kilichofungwa kwa ustadi, na ndani yake mna habari kadhaa zilizopangwa bega kwa bega.

Mita hizi hufuata kanuni za kimataifa ziitwazo STS, ambazo chimbuko lake ni Afrika Kusini. Kwa mujibu wa kanuni hizo, tokeni ya kununulia umeme hubeba biti 66. Biti ni tarakimu inayoweza kuwa 0 au 1 pekee. Ni jibu la swali moja la ndiyo au la. Kati ya biti hizo, 2 hutaja aina ya tokeni, 4 hutaja tawi la aina hiyo, 4 huteuliwa kibahatinasibu, 24 huhifadhi wakati tokeni ilipotolewa, 16 huhifadhi kiasi cha umeme, na 16 za mwisho hutumiwa kukagua iwapo habari zimefika bila kosa. Ukiziondoa zile 2 za aina, biti 64 zinazosalia hufumbwa kwa ufunguo wa siri kabla ya tokeni kutolewa, ili asiwepo mtu wa kujitungia tokeni chumbani mwake. Nambari kubwa ya biti 66, ikiandikwa kwa hesabu yetu ya kawaida, huhitaji tarakimu 20. Ndiyo sababu tunabonyeza 20, wala si 10 au 30.

Mpangilio wa namna hiyo ndio ninaouita safu ya biti zilizoshindiliwa. Kushindilia ni kujaza vitu pasi na kuacha pengo, kama mkulima anavyoshindilia mahindi guniani. Habari ya wakati inapokoma ndipo habari ya kiasi cha umeme inapoanzia, wala hapana nukta, koma au nafasi ya kuzitenganisha. Anayejua mpaka uko wapi ni yule tu anayejua mpangilio.

Ushindiliaji una faida na una gharama. Faida yake ni kwamba habari nyingi hutoshea mahali padogo. Hebu fikiria adha ya kubonyeza tarakimu 60 gizani. Gharama yake ilidhihirika mwaka wa 2024. Zile biti 24 za wakati huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinaweza kuandika nambari 16,777,216 tofauti, kuanzia 0. Dakika hizo zilionekana nyingi mno kanuni zilipotungwa, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kibaba chenyewe kilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sufuri, na kwa kuwa mita hukataa tokeni inayoonekana kutumika tayari au kuwa ya kale mno, mita ambayo haikutayarishwa ingeitazama tokeni mpya na kuikataa. Kwa hiyo, kabla ya tarehe hiyo, kampuni ya Kenya Power iliwataka wateja wake waingize misimbo maalumu ya tarakimu 20 ili mita zianze kuhesabu upya kutoka tarehe nyingine. Kazi kama hiyo ilifanywa katika nchi nyingine nyingi zinazotumia mita za STS.

Nathubutu kusema kwamba wengi miongoni mwetu walibonyeza misimbo hiyo kwa utiifu pasi na kuelewa kisa chake. Je, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeulizwa na mamake nyumbani, “Mwanangu, kwa nini mita inataka nambari hizi zote?” alimjibu kwa maneno gani? Akisema kwamba ni mambo ya kompyuta, amemfunga mamake mdomo, hajamjibu. Na pale ambapo maelezo hayapo, uvumi hauchelewi kuingia: mara mita imewekewa kitu cha kula pesa, mara serikali inapeleleza. Jibu lilikuwa jepesi, nalo lingetolewa kwa Kiswahili cha jikoni: “Mama, mita ina vijumba 24 vya kuandikia saa, na vijumba vimejaa. Vikijaa hurudi sufuri, nayo mita itadhani tumerudi mwaka wa 1993. Nambari hizi zinaiambia ianze kuhesabu kutoka tarehe mpya.” Katika jibu hilo hamna neno hata moja la Kiingereza, wala hamna jambo lililofichwa.

Ushindiliaji uliomo vinywani mwetu

Mwanafunzi wa isimu hana sababu ya kuiogopa safu ya biti, kwa maana ameuishi ushindiliaji tangu utotoni. Chukua kitenzi hatukuwanunulia. Ndani ya neno hilo moja mna ukanushi (ha), nafsi ya kwanza wingi (tu), wakati uliopita katika hali ya ukanushi (ku), watendewa (wa), mzizi (nunu), kauli ya kutendea (li) na kiishio (a). Ni vipashio saba bega kwa bega pasi na pengo. Msikilizaji huvitenganisha papo hapo kwa sababu anaujua mpangilio.

Tazama tena kitenzi waliwaona. Kipashio wa kimetokea mara mbili kwa umbo lile lile. Cha kwanza ni kiwakilishi cha watendaji, cha pili ni cha watendewa. Kinachowatofautisha wawili hao ni nafasi peke yake. Biti nazo ni hivyo hivyo. Biti yenye thamani 1 haina maana yoyote hadi tujue imekaa nafasi ya ngapi; ikiwa upande huu ni sehemu ya dakika, ikiwa upande ule ni sehemu ya kiasi cha umeme. Tofauti ipo, nami siifichi: katika kitenzi, kipashio kisichohitajika huachwa, lakini katika safu ya biti hata nafasi isiyo na habari huandikwa 0 ili majirani zake wasisogee. Hata kwa tofauti hiyo, mwalimu wa sarufi aliyewafundisha wanafunzi kuchanganua kitenzi amekwisha kuwafundisha nusu ya somo la biti.

Viunganishi vitano

Nusu ya pili ya somo ni matendo yenyewe, yaani yale yanayofanywa juu ya biti. Mwaka wa 1854 mwanahisabati George Boole alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kauli za mantiki zinaweza kukokotolewa kama hesabu. Mwaka wa 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi nchini Marekani, alionyesha katika tasnifu yake kwamba hesabu hiyo ya Boole inaweza kutekelezwa kwa swichi za umeme. Tarakilishi zote tunazozitumia leo zimesimama juu ya daraja hilo lililojengwa baina ya viunganishi na swichi. Nasisitiza neno viunganishi, kwa kuwa ni aina ya maneno ambayo sisi ndio wenye kazi ya kuichunguza.

Tuseme darasa lina wanafunzi 40, na mhadhiri ana orodha mbili za mahudhurio, ya Jumatatu na ya Jumatano. Aliyekuja huandikiwa 1, asiyekuja 0. Kila orodha ni safu ya biti 40, yaani baiti 5, maadam baiti moja ni biti 8. Mwandalizi wa programu asiyejali angempa kila mwanafunzi baiti nzima, akatumia 40. Anayeshindilia hutumia 5. Sasa mhadhiri ana maswali yake.

Nani walikuja Jumatatu NA Jumatano pia? Tendo la NA hutoa 1 pale tu ambapo orodha zote mbili zina 1.

Nani walikuja Jumatatu AU Jumatano, angalau siku moja? Tendo la AU hutoa 1 iwapo mojawapo ya orodha ina 1, au zote mbili.

Nani walikuja AMA Jumatatu AMA Jumatano, siku moja pekee? Tendo la AMA hutoa 1 iwapo orodha zinatofautiana.

Nani hawakuja Jumatatu? Tendo la SI hugeuza kila 1 kuwa 0 na kila 0 kuwa 1.

Nani hawakuja Jumatatu WALA Jumatano? Tendo la WALA hutoa 1 pale tu ambapo orodha zote mbili zina 0.

Uzuri wa safu iliyoshindiliwa ni kwamba tarakilishi ya kisasa, ambayo hushika biti 64 kwa mkupuo mmoja, huwajibia wanafunzi wote 40 kwa NA moja. Hairudii swali mara 40.

Kwa wale wapendao kushika kalamu, tuzitumie nambari wanazozijua wasafiri wa Barabara Kuu ya Thika: 237 ya matatu za Thika na 145 ya matatu za Ruiru. Kwa bahati njema, zote mbili hutoshea katika baiti moja. Kila biti, kutoka kushoto, ina thamani ya 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1.

237 ni 11101101
145 ni 10010001
237 NA 145 ni 10000001, yaani 129
237 AU 145 ni 11111101, yaani 253
237 AMA 145 ni 01111100, yaani 124
237 WALA 145 ni 00000010, yaani 2
SI 237 ni 00010010, yaani 18

Ukitaka kujua kama nambari ni witiri au shufwa, ifanyie NA pamoja na 1. Likibaki 1, ni witiri. Likibaki 0, ni shufwa. Ndivyo ilivyo kwa 237 na 145, zote witiri. Aidha, tendo la AMA lina tabia ya kupendeza: ukilirudia, linajifuta. Chukua 124 tuliyoipata, uifanyie AMA pamoja na 145, nayo 237 inarudi kama ilivyokuwa. Tabia hiyo ndiyo mojawapo ya misingi ya ufumbaji wa siri katika tarakilishi: mwenye 145 kama ufunguo hulifumba neno na kulifumbua kwa tendo lile lile.

Ajabu kubwa zaidi imo katika WALA. Kiunganishi hiki kimoja kinatosha kuyaunda matendo mengine yote. SI ya kitu ni kitu hicho WALA chenyewe. AU ni WALA iliyokanushwa. NA hupatikana kwa kuzikanusha pande zote mbili kwanza, kisha kuziunganisha kwa WALA. Haya si mazoezi ya darasani tu. Tarakilishi iliyoviongoza vyombo vya Apollo hadi mwezini mwaka wa 1969 iliundwa kwa malango ya mantiki ya aina moja pekee, nayo ni malango ya WALA, maelfu kwa maelfu. Sisi tulio na neno hilo ndimi zetu zote, tunalolitumia kila tunapokana jambo mara mbili, hatujawahi kuwaambia wanafunzi wetu kwamba linatosha kujengea mashine ya kwendea mwezini.

Kusogeza na kuvisha barakoa

Yamesalia matendo mawili, na hayo ndiyo ya kuchomolea habari kutoka katika safu iliyoshindiliwa. Turudi kwenye tokeni. Mita ikishaifumbua, hubaki na biti 64 kwa mpangilio huu kutoka kushoto: tawi 4, bahatinasibu 4, wakati 24, kiasi 16, ukaguzi 16. Mita inataka wakati tu. Kwanza huzisogeza biti zote kulia kwa nafasi 32, hivi kwamba kiasi na ukaguzi vinaanguka ukingoni na wakati unafika mwisho wa mstari. Hata hivyo, bado kushoto mna biti 8 zisizotakiwa. Hapo hufanya NA pamoja na nambari yenye moja 24 mfululizo, yaani 16,777,215. Palipo na 0 kila kitu hufutika. Palipo na 1 kila kitu hubaki. Dakika zimepatikana.

Nambari hiyo ya kuchujia tuiite nini? Wapo watakaopendekeza kichujio, nami siwalaumu. Napendelea barakoa. Neno hili ni la kale pwani, ambako lilitaja vazi la kuufunika uso wa mwanamke na kuyaacha macho. Lilienea bara mwaka wa 2020 tulipolazimika sote kufunika pua na midomo. Biti zisizotakiwa hufunikwa, zinazotakiwa huachwa zionekane. Barakoa ya pwani hufanya vivyo hivyo. Istilahi iliyozaliwa kutokana na utendaji wa kitu humsaidia mwanafunzi kukumbuka kitu chenyewe.

Katika lugha ya programu ya C, kazi hiyo yote huandikwa hivi: (t >> 32) & 16777215. Tazama mstari huo kwa makini, msomaji. Neno la Kiingereza liko wapi? Mishale miwili ni kusogeza kulia. Alama & ni NA. Katika lugha hiyo hiyo | ni AU, ^ ni AMA, na ~ ni SI. Ni kweli kwamba lugha za ngazi ya chini zaidi huwa na vifupisho vya asili ya Kiingereza kwa kila amri, ila vifupisho hivyo ni vya kumsaidia binadamu anayesoma. Kabla ya mashine kutenda lolote hugeuzwa vyote kuwa 0 na 1. Kiingereza kimo katika maelezo tu. Na maelezo yanaweza kuandikwa upya.

Pingamizi na majibu yake

Sitarajii hoja hii ipokewe kwa vifijo pekee. Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni kwamba viunganishi vyetu vina utata. Tukisema “waliokuja Jumatatu na Jumatano wapewe vyeti,” je, tunawataja waliokuja siku zote mbili, ama tunalijumuisha kundi la Jumatatu na kundi la Jumatano? Fauka ya hayo, katika mazungumzo ya kila siku hapa Kenya, ama hutumiwa badala ya au bila kujali. Nakubali yote mawili. Walakin utata huo haukuzaliwa nasi. Boole mwenyewe aliifafanua alama yake ya kujumlisha kwa makundi yasiyoingiliana pekee, na ni waliomfuata, akiwemo Jevons, walioifanya ikubali makundi yanayoingiliana. Maneno ya kawaida huingia katika taaluma yakiwa na ukungu, kisha taaluma huyafuta ukungu. Shina lilikuwa la mti kabla halijawa la neno, na leo hakuna mwanafunzi wa mofolojia anayetafuta majani juu yake. Vivyo hivyo, tukikubaliana kwamba AU hujumuisha na kwamba AMA hubagua, kama inavyodokeza miundo yetu ya “ama hili ama lile”, tutakuwa tumeupa utaratibu utofauti ambao lugha yenyewe tayari inao.

Pingamizi la pili ni la ajira. Huulizwa: mwanafunzi aliyejifunza WALA na barakoa atasoma vipi miongozo ya viwandani? Ataisoma kwa Kiingereza, kwani Kiingereza hajakitupa. Ninachodai ni kwamba aelewe kwanza, kisha atafsiri. Anayejua kwa nini 237 AMA 145 ni 124 atahitaji dakika moja kujifunza jina la kigeni la tendo hilo. Aliyelikariri jina pasi na kuelewa tendo hatasaidiwa na lugha yoyote.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wanaistilahi wenyewe. Wanasema tumeshindwa kukubaliana hata kuhusu jina la mashine: Wakenya husema tarakilishi, ngamizi limewahi kupendekezwa, na watu wengi huendelea na kompyuta yao. Hili ni kweli, ila ni ugonjwa wa ngazi za juu, ambako majina ya vitu ni mengi na kila taasisi ina kamusi yake. Na, au, ama, si na wala hazina mzozo baina ya Nairobi na Dar es Salaam, baina ya Unguja na Goma. Ndiyo mahali ambapo mwafaka upo kabla ya mkutano kuitishwa.

Tusiyadharau yaliyofanywa juu. Mwezi wa Desemba 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kishujaa. Hata hivyo, kazi ya menyu humpa mtumiaji Kiswahili cha kubonyeza, na mtumiaji hubaki mtumiaji. Kiswahili cha biti kitampa muundaji lugha ya kufikiria.

Tuanzie hapa petu

Nimesema haya nikiitazama barabara moja. Mount Kenya University iko Thika. Zetech University iko Ruiru, kama ilivyo bewa mojawapo la Chuo Kikuu cha Kenyatta. Katikati, pale Juja, pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Katika masafa ya matatu moja pana wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa tarakilishi wanaopishana kila asubuhi bila kusalimiana kitaaluma. Tangu Katiba ya 2010, Ibara ya 7, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo hautashuka kutoka kwenye karatasi wenyewe.

Pendekezo langu kwa vyama vya Kiswahili vya vyuo hivi ni dogo na halihitaji bajeti. Kwanza, tusianze na orodha ya istilahi. Orodha tumezitunga nyingi na zimelala makabatini. Tuanze na tatizo: tokeni, orodha ya mahudhurio, nambari za matatu. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili aketi na mmoja wa tarakilishi, walitatue tatizo hilo kwa Kiswahili kitupu hadi jibu sahihi lipatikane. Neno walilolihitaji njiani ndilo litakaloandikwa. Lile ambalo halikuhitajika liachwe.

Pili, kipimo cha istilahi kiwe kufaulu kwa msikilizaji. Mwanafunzi wa shule ya upili asomewe maelezo, apewe nambari mbili asizowahi kuziona, atakiwe kutoa NA, AU, AMA na WALA yake. Akipata, istilahi imefaulu. Akikosa, tusimlaumu, turudi tukayaandike maelezo upya.

Tatu, majarida kama hili yatenge kurasa mbili kila toleo kwa ajili ya tatizo moja la aina hiyo, likiwa limetatuliwa hatua kwa hatua. Kurasa mbili haziwezi kuwaudhi wapenzi wa riwaya na ushairi. Huenda zikawavuta wasomaji ambao hawajawahi kulifungua jarida la Kiswahili.

Naam, saa ya biti 24 itajaa tena. Kanuni za STS zimeweka tarehe ya 1 Januari 2014 kuwa mwanzo mpya wa hesabu, na dakika 16,777,216 kutoka tarehe hiyo zitatimia mwezi wa Novemba 2045. Wanafunzi walioko darasani leo ndio watakaokuwa wahandisi, walimu na wazazi wakati huo. Wakiulizwa na mtu wa nyumbani kwa nini mita inataka nambari mpya, wawe na maneno ya kumjibu. Maneno yenyewe yapo. Kazi iliyosalia ni kuyafundisha.